Kuhusu Zile Gemu Mbili Ulizonitumia

Kibanda Na. 14,
Safu ya Mafundi,
Soko la Juu.

Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Bisibisi wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute umekula na umelala, maana nakujua, ukiwa na kazi mkononi vyote viwili unavisahau. Kile kikohozi kimekwisha? Na lile dirisha la chumba chako, wamelitengeneza au bado unaliziba kwa gazeti? Usinijibu kwamba uko salama tu kama ulivyozoea. Nataka majibu kamili, moja baada ya jingine.

Sisi huku hatujambo. Dada yangu, mama yako, magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata joto anatembea vizuri. Mimi mamdogo wako macho yamepungua kidogo, nimeongeza miwani ya pili, naining'iniza shingoni, na Waya ananiita mwalimu mkuu. Ndiyo, Waya huyo huyo, fundi simu wa kibanda cha jirani. Bado hajaoa na bado anaazima tupa zangu bila kurudisha.

Haya, tuje kwenye lile uliloniagiza. Barua yako nimeisoma mara nne nisije nikaelewa nusunusu. Kwamba umemaliza chuo na kampuni mbili za gemu zinakutaka. Kwamba kazi ni ile ile, ya kupanga njia na milango ya ndani ya gemu, na mshahara sawasawa. Kwamba moja imefungua ofisi huku kwetu, saa tatu kwa basi kutoka hapa kibandani, na nyingine iko mbali kuliko hata huko uliko, ndege mbili na mkataba wa miaka minne. Kwamba mama yako anaijua ya karibu tu, ya mbali umenikabidhi mimi niifiche. Na kwamba gemu za kampuni zote mbili umezicheza mpaka huoni tena, kwa hiyo unataka jicho la mtu aliyeshika vitasa maisha yake yote. Nitakayoisema mimi kuwa ni bora, kampuni yake ndiyo utakayoijibu mwisho wa mwezi huu.

Mwanangu, mzigo gani huu umenitwika? Mimi ambaye gemu ya mwisho kuicheza ilikuwa ya nyoka, kwenye simu ya kitochi!

Lakini unanijua. Nikionyeshwa kitu nisichokijua, siwezi kukiacha. Mashine ya kuchezea uliyoituma ilipofika, Waya aliiunga kwenye ile runinga yangu ndogo, tukaiweka juu ya meza ya kazi kati ya jiliwa la kubania vyuma na kopo la funguo ambazo hazijachongwa. Gemu zenyewe zina majina marefu ya kung'ata ulimi, hivyo nikazipa majina kwa rangi ya majalada. Ya kampuni ya karibu ni Nyekundu. Ya kampuni ya mbali ni ya Kijivu. Zile karatasi ulizobandika nyuma kuonyesha ipi ni ya nani, nilizibandua nikazitia mfukoni mwa aproni, mama yako asije akaziona.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Lile padi la kuchezea lina vitufe vingi kuliko vidole nilivyopewa na Mungu, na shujaa wangu alikuwa akitembea akigonga ukuta kama mtu aliyeamshwa vibaya. Waya alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nilimfukuza, akarudi na kiti.

Nilichogundua kwanza ni kwamba gemu hizi ni ndugu. Zote mbili unapewa mtu mmoja mwenye upanga, anaanza dhaifu, anapigana, anaokota silaha na nguo, anapata nguvu kidogo kidogo, na mbele kuna majitu makubwa yanayoitwa mabosi. Nikamuuliza Waya, sasa kama ni kitu kimoja, wanashindania nini? Akaniambia, fundi, hata kufuli zote zinafunga mlango. Hapo akanipata.

Basi nikaanza na Nyekundu. Loo, Bisibisi, gemu ile ni tamu! Mkono unatii. Ukibonyeza, upanga umeshafika. Ukiruka, unaruka kweli, na ukipiga mara tatu mfululizo kuna cheche na muziki unapanda, unajiona wewe ndiwe. Una wenzako wawili njiani, mpishi mlalamishi na mganga mwenye majivuno, wanabishana mwanzo hadi mwisho, na nilikuwa nachelewa kufungua kibanda kwa sababu nataka kujua nani kamshinda mwenzake. Hadithi yake inaeleweka. Unamtafuta mdogo wako aliyeibwa, basi, kila hatua unajua kwa nini unatembea. Ukifa, unaamka hapo hapo. Ukipotea, kuna mshale angani unakuonyesha pa kwenda. Na nguo! Nilitumia asubuhi nzima kumvalisha yule shujaa, wateja wakasubiri.

Kilichonikera ni milango. Mlango unaukaribia tu, unafunguka wenyewe. Masanduku yote kitasa kimoja, tena cha kuchorwa. Kuna ngome mle ya tajiri mmoja aliyejaza dhahabu chumba kizima, na mlango wa chumba hicho una komeo upande wa nje. Upande wa nje! Tajiri gani anayemrahisishia mwizi? Nilimwita Waya aje aone. Akasema hakuna mtu duniani anayeangalia hilo. Nikamwambia, yupo, ndiye huyu unayeazima tupa zake.

Ya Kijivu nilitaka kuitupa jalalani siku ya kwanza. Huna mwenzako, huna mshale, muziki hakuna, ni upepo tu na hatua zako. Upanga mzito. Ukiuinua bila kufikiri, pumzi inakwisha na unapigwa ukiwa umeinama. Pale darajani kuna jitu moja lenye ngao, nilikufa mikononi mwake mara thelathini na moja. Waya aliandika idadi kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, na watu wakawa wanapita kuulizia kama wanavyoulizia mgonjwa.

Sasa sikiliza. Kufa kwa ishirini na kitu nikaanza kuona kwamba lile jitu lina tabia. Kabla ya kupiga, linavuta pumzi na bega la kushoto linashuka kidogo. Kumbe si nguvu inayotakiwa, ni kulitazama. Ni kama kitasa cha zamani tu, unakisikiliza kwanza, kinakwambia kinataka nini. Nilipoliangusha nilipiga ukelele, mpaka wauza viatu wa safu ya pili wakaja mbio wakidhani nimeingiliwa na mwizi.

Ina kasoro zake, sitakudanganya. Ukiingia chumba chembamba lile jicho la gemu linazunguka huoni chochote zaidi ya ukuta na kisogo chako. Hadithi yake inatolewa kwa kijiko, kipande hapa, kipande kule, mpaka leo sijui yule mfalme alikosa nini. Kwa hilo Nyekundu inaishinda mbali.

Lakini milango, mwanangu! Bawaba ziko upande unaotakiwa. Komeo liko upande ambao walinzi walikuwa wanalala. Kuna jiko lenye makomeo matatu kwa ndani, na ukiangalia mle ndani unaona vikombe vidogo vya watoto, unajua nani alijifungia na alikuwa anaogopa nini. Hakuna mtu aliyekuambia, umeambiwa na mlango. Nilivaa miwani yote miwili kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi wangu. Mwanzoni kabisa kuna uwanja wenye lango, na langoni amesimama bibi mmoja mwenye rundo la funguo kiunoni. Kila ukifa au ukirudi, anakuambia maneno yale yale, kwamba umerudi, ingia. Nyuma yake kuna mlango mdogo. Nikaubonyeza, yakatokea maandishi kwamba haufunguki kwa upande huu. Mimi? Miaka thelathini na mbili kazini, niambiwe mlango haufunguki? Nilisimama pale siku mbili, Bisibisi. Nilijaribu kila ufunguo niliookota. Nilirudi kuwanyang'anya walinzi funguo zao. Waya akawa ananiambia soma, fundi, imeandikwa, na mimi najitia hamnazo. Mchezaji mwingine yeyote angeondoka baada ya dakika moja. Mwishowe nilisusa, nikaenda zangu mbele.

Siku nyingi baadaye, baada ya daraja, baada ya mapango, na mnara, na mto wenye ukungu, nikiwa mbali mpaka nimesahau nilikotoka, nikafika kwenye ukumbi mdogo wenye mlango wenye komeo. Nikalivuta. Nikajikuta uani kwa yule bibi, nimetokea nyuma yake. Akaniambia nimerudi, niingie. Niliweka padi mezani nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Sasa nikuungamie. Wiki nne zilizopita nilikuandikia barua nyingine. Ndani yake nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilisema Nyekundu ni bora mara kumi, ya Kijivu ni kazi ya watu wavivu wasiojua kuweka mshale. Nikaitia gundi na kuandika anwani. Nilifanya hivyo kwa sababu nataka uje. Kile kigoda chako cha kuchongea bado kiko chini ya meza, simruhusu mtu kukikalia, na nimechoka kuzungumza na funguo. Pia niliyafikiria magoti ya mama yako. Naona aibu kukuandikia haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Barua ile ilikaa mezani siku tatu, kila nikitaka kuipeleka posta mkono unagoma. Unaikumbuka sheria ya kibanda. Ufunguo haumfikii mwenyewe mpaka ujaribiwe mara tatu, kwanza mlango ukiwa wazi, pili ukiwa umefungwa, tatu kwa mkono wa mtu mwingine, kwa sababu mkono wa fundi huusamehe ufunguo wake. Mimi nilikuwa nimejaribu mara mbili tu. Nikaichana.

Mkono wa mtu mwingine nikaamua uwe wa mama yako. Najua, unatoa macho hapo. Lakini sikumwambia neno kuhusu kampuni. Nilimwambia tu kwamba unataka maoni ya mtu mzima juu ya gemu mbili. Akaja mchana, nikamwekea miguu juu ya sanduku la vitasa vibovu, nikampa padi.

Dada yangu huyu! Siku mbili tu akawa ananishinda. Mtu aliyetoboa tiketi langoni stesheni miaka ishirini na sita, kidole gumba chake si mchezo. Nyekundu alicheka nayo wiki nzima, akaanza hata kumwigiza yule mpishi mlalamishi anapodai chai. Waya akawa anakuja kusikiliza. Mimi moyoni nikawa nashangilia kimyakimya, nikijua jibu limepatikana na sikudanganya mtu.

Kisha akaanza ya Kijivu. Hakupiga kelele wala kulalamika, hata jitu la darajani halikumtoa maneno. Alikuwa akifa anasema tu, haya, tena. Ila kila akirudi langoni alisimama kidogo kumtazama yule bibi kabla ya kuendelea. Siku moja akasema, huyu mama amesimama tangu tuanze. Nikamwambia ni picha tu, dada. Akasema najua ni picha. Unakumbuka alivyoomba kiti pale stesheni mwaka hadi mwaka, akijibiwa kwamba mkaguzi hakai.

Alipoufungua ule mlango mdogo kutoka upande wa pili, alisema kitu kimoja, kwamba kumbe njia yote ile ilikuwa inarudi hapa. Nikamuuliza, kama ingebaki gemu moja tu, ipi ibaki? Akanijibu bila kuondoa macho kwenye runinga. Alisema, "Ile nyekundu ni nzuri, nimecheka sana. Lakini nikiwa nyumbani naifikiria hii. Iache hii."

Nilistahimili siku mbili. Ijumaa nikashindwa. Nikatoa zile karatasi mfukoni mwa aproni, nikamweleza yote, ya ofisi ya karibu, ya kampuni ya mbali, ya ndege mbili, na kwamba bila kujua amekuchagulia. Nilidhani atanigombeza, na ningestahili. Aliuliza tu, "Miaka minne?" Nikasema minne. Akazima mashine kwa utaratibu, akachukua mkoba wake akaondoka. Jana hakuja kibandani. Leo niko kwake, nakuandikia mezani kwake, yeye yuko uani anaanika nguo, na tangu nifike tumezungumza habari za sabuni.

Jibu langu la fundi ni hili. Kwa utamu wa mkono, hadithi na kicheko, Nyekundu ni bora, na kumfurahisha mtu aliyechoka si jambo dogo, usiwadharau. Lakini wewe hukuomba kazi ya kicheko, umeomba ya milango. Waliotengeneza ya Kijivu wanajua kwamba watu hufunga mlango kwa sababu, na kwao utajifunza nisichoweza kukufundisha mimi. Nitakukosa sana, Bisibisi. Nimelia kidogo nikiandika mstari huu, ukiona wino umetapakaa hapo usimsingizie mtu wa posta.

Hata hivyo sikutumii jibu hili kwa kumzunguka mama yako. Barua hii naiacha hapa mezani wazi, na kalamu juu yake, nami naenda kwangu. Nimemwambia asubuhi Waya atapita kuichukua, aipige picha akutumie, yenyewe ifuate kwa posta. Akiichana, nitakuandikia uijibu kampuni ya karibu, na utarudi huku karibu nasi. Ikikufikia, ujue ameisoma yote na ameiachia.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, mwambie asante kwa kukulazimisha kula. Binamu yako muuguzi anakusalimu, anauliza viatu alivyokuagiza vya kusimamia zamu. Waya anakusalimu sana, anasema ile ya bega la jitu ni yeye aliyeiona kwanza. Ni uongo. Wauza viatu wote wa safu ya pili wanakusalimu.

Mungu akuongoze utokapo na uingiapo, akupe mikono mitulivu na watu wema wa kuwagongea mlango.

Ni mimi mama yako mdogo, mwenye hamu nawe kila siku,

Fundi Kufuli.

Mwanangu, nimeisoma yote, mara mbili. Mamdogo wako anaandika sana. Magoti ni yangu, usiyabebe wewe. Nenda. Nami ile gemu bado sijaimaliza, kwa hiyo kazi ninayo. Ila ukifika huko kwao, kabla hujagusa mlango wowote, waambie wampe yule bibi wa langoni kiti.

Mama.